Sabuni ya Tangi la Nesi

Mume wangu alikuwa fundi wa magari, na kazi yake ilijulikana kuanzia Lushoto mjini hadi Kwai. Nayasema haya mapema msije mkadhani niliolewa na mwizi. Maana mwaka ule wa shida ya sabuni, aliyeniibia sabuni alikuwa yeye, mchana kweupe, tena akaipeleka kwa mwanamke.

Sabuni siku hizo haikuwa kitu cha mzaha. Kijiji chetu kilikwisha kuwa cha ujamaa, duka lilikuwa moja, na bidhaa zikija balozi wa nyumba kumi anapita kutuambia. Tunapanga mstari tangu alfajiri, ukungu umetulowesha mpaka kope, halafu kila nyumba inapewa mche mmoja, basi. Wangu nilikuwa naukata kwa uzi vipande vinne, nikavipanga juu ya uchaga karibu na moshi vikauke, visiishe upesi. Nilivijua vipande vyangu kama ninavyowajua kuku wangu. Kwa hiyo Jumamosi moja nilipokuta vitatu, niliuliza.

"Nimechukua mimi," akasema mume wangu, wala hakujificha. "Tangi la gari la nesi linavuja."

Nesi mwenyewe alikuwa mgeni kwetu, mtu wa Upareni, hajaolewa, aliyeletwa kuangalia zahanati ya bondeni. Gari lake lilikuwa dogo, lenye mgongo wa kobe, injini nyuma na tangi la petroli mbele chini ya boneti. Mzungu mmoja wa mashamba ya Kwai aliliacha alipofungasha baada ya Uhuru, likapita mikono mingi mpaka likafika kwa huyu binti. Tangi lilikuwa limeoza kwa kutu upande wa chini. Dawa yake, alinieleza mume wangu, ni kulishusha, kuliosha, kulijaza maji lisije likalipuka, ndipo utie lehemu. Lakini lehemu haikuwapo Lushoto, wala Korogwe, na dereva wa lori la mboga aliyeagizwa Tanga alikuwa anarudi mikono mitupu kila wiki. Tangi jipya ndilo usiulize.

Basi mafundi wote wa milimani walikuwa na njia moja. Unaikanda sabuni kwa vidole mpaka inalainika, unaibandika kwenye tundu, unaisindilia. Petroli haiwezi kuila sabuni. Adui yake ni maji, na barabara zetu zilikuwa maji matupu; gari likipita kwenye madimbwi wiki nzima, sabuni inaosheka yote. Ndiyo maana kila Jumamosi ilibidi ibandikwe nyingine. Na kila Jumamosi mume wangu alichana nywele, akachukua kipande changu, akateremka bondeni.

Alichana nywele! Mtu anakwenda kulala chali chini ya gari, nywele azichane za nini?

Kwetu mwanamume hampi mwanamke sabuni hivi hivi. Sabuni na mafuta ya kujipaka analeta mume, ndivyo watu wanavyojua kwamba mke anatunzwa. Mwanamke ambaye hana mume akionekana anapelekewa sabuni na mwanamume, majirani hawaulizi tena, wanaangaliana tu. Na wangu walianza kuangaliana. Mmoja aliniambia kisimani, "Mwenzetu, gauni la nesi siku hizi linang'aa kweli." Nilitwika ndoo yangu nikaondoka.

Lakini nilipaswa kumwendea yuleyule. Nilikuwa na mimba ya miezi minane. Ya kwanza ilikuwa imeniharibikia miaka miwili kabla; walinibeba kwenye machela wakanifikisha nimechelewa. Hii ya pili alikuwa anaipima nesi, na kila nilipolala juu ya kitanda chake nilikuwa nalitazama gauni lile jeupe na kujiambia, hiyo ni sabuni yangu. Mikono yake ilikuwa ya upole, nayo ilinikera zaidi. Alikuwa ananiuliza habari zangu, namjibu "nzuri" ya mkato. Alipomwita mume wangu "fundi wangu" huku anacheka, nilitamani ardhi imchukue. Mwee! Wivu ule sijawahi kuuona tena maishani, na nimezeeka sasa.

Nyumbani nililivalia njuga jambo hilo.

"Huyo nesi hana sabuni kwake?"

"Anayo ya zahanati. Hiyo ni ya serikali, hataki kuigusa."

"Kwa hiyo ya kwangu ndiyo ya kuchezea?"

"Mke wangu, ni kipande tu."

"Kipande leo, kipande kesho. Hamia huko ukakandie vizuri!"

Mume wangu alikuwa mtu wa kunyamaza, na kunyamaza kwake nilikufanya ushahidi.

Balozi alipotangaza mgao uliofuata, nilipanga mstari na tumbo langu, nikapokea mche, na safari hii sikuukata. Niliufunga katika khanga, nikauweka chini kabisa ya sanduku langu la bati, nikafunga kufuli. Juu ya uchaga nikaweka kipande kimoja tu cha sabuni niliyoipika mwenyewe kwa mafuta ya ng'ombe na maji ya majivu. Haikushika vizuri. Ukiibonyeza, mafuta yanabaki mkononi.

Jumamosi ikafika. Mume wangu alikichukua kipande akakinusa.

"Dukani hamkupata?"

"Iliishia kwa waliotangulia."

"Hii ina mafuta mengi. Petroli itaila."

"Basi mwambie nesi wako akupe ya kwake."

Alikitia mfukoni, akaondoka. Nisijitetee kwamba sikujua. Alinieleza waziwazi, nami nikafurahi. Niliwaza gari litakavyomzimikia yule binti katikati ya njia, atembee kwa miguu kama sisi wengine, gauni lake lipate matope.

Uchungu ulinishika Jumatano, baada tu ya chakula cha mchana, wiki tatu kabla ya siku zangu. Mvua ilikuwa inanyesha. Mama mkwe wangu alinitazama mara moja akamwambia mwanawe, "Kimbia kamlete nesi," naye akatoka hata koti hakuvaa. Kwenda bondeni kwa njia ya mkato ni mwendo wa saa moja. Kurudi kwa gari, dakika ishirini. Mama mkwe alikuwa anaipiga hiyo hesabu kwa sauti ili anitulize, na mimi kila alipotaja gari nilikuwa nauma khanga. Alidhani ni maumivu.

Saa moja ilipita. Ikapita ya pili. Ikaanza ya tatu, wala hatukusikia mlio wowote barabarani. Mama mkwe aliacha kupiga hesabu. Akaanza kuomba kwa Kishambaa, taratibu, na maneno yenyewe niliyatambua, kwani ndiyo aliyoyaomba kando ya machela yangu mara ile ya kwanza. Nikataka kumwambia. Nilifungua kinywa, nikapiga kelele tu.

Walipotokea walikuwa wanatembea. Nesi alikuwa mbele, viatu mkononi, gauni limekuwa la udongo mwekundu mpaka kiunoni, lile lile nililoliombea matope. Nyuma yake mume wangu amebeba sanduku la vifaa kichwani.

"Shikamoo mama," nesi akamwamkia mama mkwe huku anahema. "Gari limetuzimikia kwenye kona ya pili. Petroli yote imemwagika njiani, sabuni imeyeyuka. Tumejaribu kuziba kwa mikono, wapi!"

Akapiga magoti kando yangu. Alikuwa ananuka petroli kila mahali, vidole, nywele, pumzi. Akaniambia kwa upole wake uleule, "Usiogope dada, nimefika. Mumeo amenikimbiza mlima mzima. Mwezi wote huu kila Jumamosi ananiuliza jambo moja tu: nesi, siku zake bado ngapi, na tangi litafika? Nimemwambia atanichosha."

Kisha akaigeuza mikono yake, akaitazama, akamgeukia mama mkwe.

"Siwezi kumshika hivi. Naomba maji ya moto na sabuni. Ya kwangu imebaki garini."

Mama mkwe akaenda kwenye uchaga. "Sabuni hakuna," akasema. "Wiki hii hawakupata dukani."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, mgongo ametugeuzia kwa heshima, maji yanamchuruzika. Nikasema, "Ipo."

Ilibidi niseme mara ya pili. "Ipo kwenye sanduku langu. Chini, ndani ya khanga. Ufunguo ninao hapa shingoni."

Aliyeuvua ufunguo shingoni mwangu alikuwa mume wangu. Nilisikia kufuli, nikasikia nguo zinavyoinuliwa moja moja. Akautoa mche mzima, haujaguswa hata pembe. Aliushika muda mfupi. Sikuweza kumtazama usoni, niliangalia vidole vyake vyeusi vya ufundi juu ya ile sabuni. Halafu akampa nesi, akatoka nje mvuani.

Nesi aliosha mikono mara tatu. Mtoto alizaliwa kabla jua halijazama, wa kike, mdogo kama kifaranga, lakini mwenye sauti. Alioshwa kwa sabuni ileile.

Mvua ilipokatika mume wangu aliingia. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu sana. Nilingoja anitukane, nilikuwa tayari, heri angenitukana. Aliuchukua mche uliobaki pale kwenye karai, akatoa uzi mfukoni, akapiga magoti karibu na kitanda changu. Gari lilikuwa bado limelala kwenye kona, tangi tupu, wala halikufaa kutiwa petroli nyingine kabla tundu halijazibwa, na nesi ilimpasa arudi kwa wagonjwa wake.

"Mama," akaniambia, na hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo kabla ya siku ile, "unaniruhusu nikate kiasi gani?"