Farasi Niliyemnyima Salamu

Juzi pale soko la Liuhua, hapa Guangzhou, China, ninakonunua viatu vya kutuma nyumbani, niliona farasi wa plastiki juu ya mzigo wa mtu, nikacheka peke yangu. Nilimkumbuka Lulu, farasi niliyemwonea wivu bila hata kumwona.

Nilipokuwa mtoto kule nyumbani, kaka yangu alikuwa askari wa kikosi cha farasi, kule mpakani, wakipambana na wezi wa mifugo. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo barua za kaka nilimsomea mimi. Mchana mmoja jikoni kulinukia maharage, na barua nzima ilikuwa Lulu, Lulu. Mimi hata salamu sikupata! Basi kila palipoandikwa Lulu nikasoma jina langu.

"Neema ndiye kipenzi changu. Kila asubuhi namsugua mgongo, kisha namlisha nyasi."

"Neema anakula nyasi?" Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Hebu soma vizuri, we mtoto!"

Nikasoma vizuri, nimenuna. Mwishoni kaka aliandika, "Bila Lulu, Mama, barua hii usingeipata." Mimi nilidhani farasi ndiye aliyeipeleka posta. Mama aliacha kucheka. Maharage yakaanza kuungua, wala hakuyaepua.

"Mjibu sasa hivi," alisema taratibu. "Mwambie namshukuru sana huyo farasi."

Leo najua Lulu alimtoa kaka kwenye risasi, amembeba mgongoni. Lakini siku ile niliandika salamu za Mama, za majirani, hata za kuku wetu. Shukrani kwa Lulu niliziruka, nikalamba bahasha, nikaifunga.