Cililin wa Mak Onih Aoga kwa Mara ya Kwanza

Jua halijavuka mlima, na Iis Rohaeti anamnyunyizia maji ndege mmoja kwa ncha za vidole, taratibu, kama anamwogesha mtoto mchanga.

"Oga, mpenzi. Leo unaposwa."

Ndege huyo ni cililin, mwenye kishungi kirefu na doa jeupe shingoni. Iis, mjane wa miaka arobaini na tisa, anatunza ndege waliookolewa sokoni katika kituo kimoja huku Sukabumi, kisiwani Java. Yeye ndiye huwatenganisha kwa rangi ya manyoya. Cililin wa Java ni mweusi, wa Sumatra ana kifua cha kahawia, na kila mmoja hurudishwa msitu wa kwao.

Huyu aliletwa na Mak Onih, bibi wa kijiji cha jirani. Alikuwa amemtundika kizimbani juu ya jiko la kuni, pale tunapokaushia mahindi, asipatwe na baridi. Ndege alifika kituoni mgonjwa, kwa hiyo hajaoga mpaka leo.

Alikuwa mweusi tii. Daktari aliposema ni jike, Iis alilia kwa furaha. Kituo kina dume mmoja tu wa Java, Jalu, ambaye huita kila asubuhi bila kujibiwa.

"Nilishapanga harusi," anasema Iis. "Ilibaki kupika wali wa manjano."

Lakini maji ya beseni yanageuka meusi. Iis anayamwaga, anachota mengine, nayo yanachafuka. Kifuani panatokeza rangi ya kahawia.

Oman, mfanyakazi mwenzake ambaye humwita Kang, yaani kaka, anachungulia. "Teh Iis, dada yangu, hayo si masizi? Haraka haraka haina baraka!"

"Usinicheke, Kang."

Oman anayaona machozi yake, naye anapoa. "Basi tumwache tu na Jalu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na kwao Sumatra kuna anayemngoja."

Bandani Jalu anaita. Jike, manyoya yakichuruzika maji, anainua kishungi na kumjibu. Hajawahi kufanya hivyo.

Iis anajifuta uso kwa ushungi wake. Inamuuma, na hafichi.

"Mpeleke kwa wenzake wa Sumatra, Kang. Upesi, kabla moyo haujanigeuka."

Oman anaondoka na kizimba. Jalu anaita tena, na Iis anamsogelea.

"Vumilia, baba," anamwambia. "Nasikia Cianjur kuna mzee ana jike mweusi. Kesho naenda, na maji ya kumwogeshea nabeba mwenyewe."