Mwalimu mkuu aliyenilea anataka nimtetee mbele ya bodi

Admin, nifichie jina tafadhali, maana walimu wenzangu wako hapa kwa hii page.

Niko na miaka thelathini na mbili, nimeolewa, nafundisha gredi ya sita katika shule moja ya msingi huku Kitengela. Mwalimu mkuu wetu alinifundisha nikiwa mdogo. Baba yangu alipofariki, yeye na mke wake walinichukua nikakaa kwao mpaka nikamaliza shule. Hadi leo namwita baba. Kwa hivyo siandiki haya kwa chuki.

Alipoletwa kwetu, shule ilikuwa imelala. Walimu walichelewa, watoto walizurura. Alinyoosha kila mtu, alama zikapanda, na wazazi wanampenda sana. Lakini mwalimu akimpinga kwa mkutano anakemewa kama mtoto. Mtihani ukisahihishwa, wanafunzi wa mwisho wanasimamishwa mbele ya paredi. Darasani watoto wakisikia sauti yake, hata mwenye jibu anashusha mkono.

Muhula uliopita alimsimamisha paredini Nashipai, msichana wa darasa langu aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake hapa mjini. "Huyu ndiye anatuangusha," akasema. "Enda kwenu uchunge mbuzi!" Shule yote ikacheka. Kesho yake hakuja. Kumbe amerudi kwao Bisil.

Nikamfuata huko siku ya soko, nikamkuta na mamake wakiuza mbuzi. Nikasalimia kwa Kimaasai, "Takwenya." Mama akaitikia vizuri, "Iko." Lakini nilipomwomba amrudishe mtoto, akaniuliza, "Mwalimu, siku hiyo ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa."

"Na ulisema nini?"

Siku hiyo nilikuwa nimesimama tu na walimu wengine. Nashipai hata hakuniangalia.

Niliporudi nikaingia ofisini kwa mwalimu mkuu, nikamweleza yote. Akanisikiza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Wewe nilikufanya mtu kwa ukali huu huu. Ulikufa?"

Nikamwambia, "Baba, mimi ulinigombeza shuleni, lakini jioni tulikula meza moja. Huyu alienda na aibu yake peke yake."

Akanionyesha mlango.

Sasa mamake Nashipai amelalamika kwa bodi ya shule, na wiki ijayo tunaitwa. Walimu wenzangu wamesema hawafungui mdomo. Jana baba alinipigia simu. "Wewe ni mtoto wangu. Simama useme ulikuwa mzaha tu." Nikasikia mke wake, mama aliyenilea, akilia hapo nyuma.

Nikisema ukweli, anaweza kufutwa akiwa karibu kustaafu, na ile nyumba sitaingia tena. Nikidanganya, nitasimamaje mbele ya darasa nikiangalia dawati moja halina mtu? Bwanangu ananishauri nijifanye mgonjwa siku hiyo. Sitaki kutoroka. Ningekuwa dada yenu, mngeniambia niseme nini nikiulizwa? Nipeni ukweli, hata ukiuma.