Mikono Yote Juu

Semina za walimu tunazinung'unikia sana kwenye chumba cha walimu, halafu siku ikifika tunaenda sote, tena mapema. Mimi nazipenda, nikisema ukweli. Unakunywa chai ya maziwa na mandazi, unakaa kwenye kiti cha plastiki, na angalau siku hiyo mtu mwingine ndiye anayesimama mbele na kukauka koo.

Ya mwaka huu ilikuwa tofauti. Mwezeshaji alitaka somo la mfano, watoto halisi wafundishwe mbele ya walimu ili mbinu za mtaala mpya zionekane zikifanya kazi. Ukumbi wa kanisa uliokodiwa uko ng'ambo tu ya barabara kutoka shuleni kwetu, karibu na mtaa wa Obunga, kwa hiyo mwalimu mkuu akatoa gredi yangu ya tano bila hata kuniuliza. Nililalamika kidogo, kwa adabu, lakini moyoni nilikuwa nimevimba kwa furaha. Niliwaambia watoto waje Jumamosi wamevaa sare na wameoga.

Ijumaa jioni niliwafundisha ile sheria ya mikono. Walimu wengi tunaijua, ingawa hakuna chuo kinachoifundisha. Mgeni akiwepo na swali likiulizwa, kila mtoto anainua mkono: anayejua anainua wa kulia, asiyejua anainua wa kushoto. Mgeni anaona darasa zima limeamka, na mwalimu anachagua wa kulia tu. Watoto walicheka, wakafanya mazoezi kwa bidii. Ili wasiogope, nikawaongezea utamu. Niliwaambia mkono wa kushoto si aibu hata kidogo, kwamba wakiuinua mimi nitaona, nitajua hawajaelewa.

Kuna msichana anayekaa kando ya dirisha, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba akisoma kwa zamu unalazimika kumsogelea. Mama yake huchukua samaki kwa wavuvi wa ufuo wa Dunga na kuwauza sokoni. Tangu tuanze hesabu za sehemu, mtoto huyu alikuwa amepotea. Nilipompa nusu ajumlishe na robo, alijumlisha namba za juu kwa za juu na za chini kwa za chini, akapata kitu kidogo kuliko nusu aliyoanza nayo, na hakuona ubaya wowote. Mama yake alikuwa amenisimamisha langoni akaniambia siku za hesabu mtoto anaamka akiumwa tumbo, na anasema shule haimtaki. Nilimwahidi nitakaa naye. Wiki ile sikukaa naye, na wiki iliyofuata nilikuwa nikikata chapati za kadibodi za somo la mfano.

Jumamosi somo lilikwenda vizuri hata mimi nikashangaa. Nilishika chapati yangu ya kadibodi, nikaikunja, nikauliza, na mikono ikapaa yote. Nilichagua wa kulia, jibu likaja safi. Nikauliza tena. Walimu waliokuwa nyuma walikuwa wakirekodi kwa simu. Na kila nilipogeuza macho upande wa dirisha niliuona mkono wake, wa kushoto, umenyooka kuliko yote. Wenzake waliinua na kushusha kama tulivyofanya mazoezi. Yeye hakushusha. Kufikia katikati ya somo alikuwa ameushikilia kwa mkono wa kulia, chini ya kiwiko, usianguke. Nilimtazama mara moja na macho yetu yakakutana. Nikamwita mvulana aliyekuwa nyuma yake.

Tulipigiwa makofi. Mwezeshaji akasema hilo ndilo darasa ambalo hakuna mtoto anayeachwa nyuma, na mimi nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Wakati wa chai, mwalimu mmoja wa kike aliyetoka Katito alikuja na kikombe chake akasimama karibu nami. Alisifu chapati zangu za kadibodi, kisha akasema polepole, "Lakini Madam, yule msichana wa dirisha, si ungempea hata swali moja? Mkono yake ilikuwa imechoka."

Nilimjibu kwamba yule ni hodari mno, ukimwachia nafasi atawamalizia wenzake maswali yote. Uongo ulitoka bila kukwama. Yule mwalimu aliitikia kwa kichwa, akaniamini, akasema na yeye anao wa namna hiyo. Niliona haya, na haya ile sikuimaliza pale. Nililala nayo, nikaenda nayo kanisani Jumapili, na wimbo wa sifa ulinipita bila mimi kufungua mdomo.

Jumatatu niliingia darasani nikiwa nimeamua. Niliwaambia watoto kwamba wamefanya vizuri sana, na kwamba sheria ya mikono imekwisha, kuanzia leo anayejua tu ndiye atakayeinua, mkono wowote. Walipiga kelele za furaha, maana ile mikono miwili ilikuwa inawachanganya. Nilidhani kwa kuifuta nimejisafisha. Nilikuwa nimeshageukia ubao nilipomsikia yule msichana wa dirisha akiniita, kwa sauti ile yake ndogo. Nilimsogelea. Alikuwa amesimama, kitu ambacho hajawahi kufanya kwenye hesabu.

"Mwalimu, siku ile niliinua mpaka mwisho na hukukuja," alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa ananieleza tu. "Lakini nilijua umeniona. Sasa kama sijaelewa, nitakuwa nakuambia aje?"