Nenda Katembee, Kaka

Walimwita Sponji, na jina hilo alilipata kwa haki. Hakuna nyumba aliyoingia akaketi kwenye kochi kama watu wengine. Lazima kwanza alibonyeze kwa kiganja, asikilize linavyoguna, ndipo akae, huku mwenye nyumba roho juu akingoja hukumu. Alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la rangi, na humo ndimo alimomfundisha kazi mdogo wake wa tumbo moja, kuanzia kunyoosha misumari iliyopinda mpaka kuvalisha kochi kitambaa kikakaa bila hata kunyanzi moja.

Ugonjwa ulimjia bila kubisha hodi. Hakufiwa, hakufilisika, hakugombana na mtu. Asubuhi moja aliinua nyundo, ikamshinda. Si kwamba ilikuwa nzito. Aliiona tu haina maana. Akakaa juu ya fremu ya kochi lisilo na mito mpaka jua likawa la utosi. Kesho yake hakutoka kitandani. Mwezi ukaisha, ukafuata mwingine, Sponji kaelekea ukuta. Mkewe alimlisha, akamwogesha, akaficha kamba na sumu ya panya, na kwa majirani akasema ni mgongo tu, si mnajua mafundi na migongo yao.

Daktari aliandika vidonge, kisha akasema, "Na mazoezi, kila siku. Usingoje kujisikia vizuri, mzee. Mwili utangulie, moyo utakuja nyuma unalalamika."

Siku ya kwanza ya kutembea, yeye na mkewe walifika mlangoni kwa jirani wakarudi. Sponji alitokwa na machozi ya aibu, mtu mzima kushikwa kiwiko kama kipofu. Lakini mkewe alikuwa king'ang'anizi. Kila baada ya chai, atake asitake, anatolewa.

"Mama watoto, mvua hiyo."

"Kwani wewe chumvi, utayeyuka?"

Alizichukia asubuhi zile. Aliwachukia waliomsalimia njiani na wasiomsalimia. Kuna wiki alirudi kitandani kabisa, ikawa kama hawakuwahi kuanza. Wakaanza upya: mpaka kona, mpaka duka la mikate, mpaka uwanja wa mpira. Hakuna siku aliyoamka akasema leo nimepona. Ila mchana mmoja alishangaa kujikuta ana njaa. Halafu ikaja asubuhi aliyomwona mbwa mkubwa akitimuliwa na kuku mwenye vifaranga, akacheka mpaka akashika magoti, na mkewe akageukia ukuta ili asionekane akifuta macho. Mwaka uliofuata Sponji alikuwa anauzunguka uwanja mbio, peke yake, jasho linamtiririka na kichwa chepesi.

Ndipo akarudi karakanani.

Mdogo wake alimkumbatia, akaagiza soda. Muda wote ule yeye ndiye aliyeishika kazi na kulisha nyumba mbili, na hilo Sponji alilijua na kuliheshimu. Lakini benchi lake lilikuwa limesukumwa ukutani, limebebeshwa marobota ya vitambaa. Wateja walimpita kama nguzo wakiuliza, "Bosi yupo?" Akalibonyeza kochi lililokuwa tayari kupelekwa kwa mwenyewe. Kiganja kikazama mpaka kwenye ubao.

"Hiki nini?"

"Kaka, ndiyo soko la sasa. Rahisi, linapendeza."

"Miezi sita litakuwa kitanda cha paka hili! Hivi ndivyo nilivyokufundisha?"

Alipaza sauti kama alivyokuwa akipaza miaka yote. Karakana ile ilizoea kelele zake kuliko za msumeno. Zamani mdogo wake angejibu, wangetupiana maneno, kisha wangekula sahani moja. Safari hii aliweka stepla chini, akamtazama kwa huruma, na mbele ya mteja akasema taratibu:

"Kaka, leo umetembea? Nenda katembee kidogo, utatulia."

Sponji alijiona kama aliyevuliwa nguo sokoni. Alipofika nyumbani, simu ilikuwa imetangulia. "Vidonge umekunywa?" mkewe aliuliza hata kabla ya kumkaribisha.

Ikawa ndiyo desturi. Akilalamikia chai iliyopoa, nenda katembee. Akiuliza kwa nini binti yao ameposwa bila yeye kuambiwa, hebu katembee kwanza, baba. Hasira, huzuni, hata mzaha uliopita kiasi, vyote vilipewa jina moja. Na alikwenda, maana kukataa nako kungehesabiwa dalili.

Jioni moja alimkalisha mkewe.

"Mama watoto, mimi nimepona."

"Najua."

"Basi mwambie shemeji yako anipishe benchi langu."

Mkewe aliikunja kanga aliyokuwa nayo mkononi, akaikunjua, akaikunja tena. "Sitamwambia. Karakana ndiyo iliyokulaza."

"Karakana haikunilaza."

"Hujui kilichokulaza, na daktari hajui. Ninachojua mimi ni kwamba nilikuwa naamka kukuwekea mkono puani nione kama unapumua. Sina nguvu za mara ya pili. Ukitaka kunichukia nichukie, lakini uwe hai."

Mkewe angekuwa mtu mbaya, Sponji angemfokea. Lakini mwanamke huyu alimpenda, na kwa pendo hilo alikuwa amemfunga mbeleko mgongoni kama mtoto, wala hana mpango wa kumshusha.

Hakuomba tena. Aliendelea kutoka kila baada ya chai, nao wakamsifu kwa bidii. Ila sasa aliupita uwanja bila kusimama, akavuka reli, mpaka upande wa pili wa mji, kwenye karakana ya mtu asiyemjua, kijana wa umri wa mwanawe, mwenye mdomo mchafu. Akaomba kibarua cha asubuhi. Akapewa kubandua vitambaa vikuukuu, kazi ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiwapa wanaoanza.

Haikupita muda akapasua kitambaa cha mteja.

"We mzee, hayo macho au vifungo?" bosi akafoka.

"Mkasi wako butu! Na mwenye mkasi ni butu zaidi!"

Wakarushiana maneno mpaka wapita njia wakasimama mlangoni. Hakuna aliyemwuliza kama ametembea. Hatimaye bosi alisonya, akamtupia mkasi mwingine. "Haya, kata."

Akakata, na hakujua kama anakata kwa hasira au kwa furaha.

Bado yuko huko. Kila akimkumbuka mdogo wake amekaa karakanani kwake, anaona uchungu. Mkewe hukuta nyuzi za vitambaa zimenasa kwenye soksi zake, huzibandua moja moja kabla ya kufua, na hajauliza.