Shibe ya Tano

Mamangu alikufa nikiwa na mimba ya miezi saba, akazikwa Amu, ndiyo Lamu ya wengine, na mimi sikulia. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana nalo. Watu walinisubiri nilie. Shangazi zangu walikaa mkekani wakinitazama kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa jikoni akingoja yafure. Hayakufura. Nilipokea mikono ya pole, nikaitikia amin kwenye dua, nikala wali wa hitima, nikaenda kulala.

Desturi yetu mwanamke hujifungulia kwao, na mamake ndiye anayemtunza mpaka atoke arubaini. Kwetu hapakuwa na mama tena. Mume wangu alikuwa kazini Mombasa. Akapiga simu, akakata maneno na mamake, nami nikapandishwa boti na begi langu moja nikapelekwa Pate. Sikuulizwa, na kama ningeulizwa ningesema sawa. Miezi ile nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu.

Mavyaa, yaani mama wa mume wangu, ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha na mkono mwepesi wa kutenda wema. Nayataja mawili hayo pamoja kwa sababu kwake huja pamoja. Hukuamrisha na kukulisha kwa pumzi moja. Alinipa chumba cha ndani kilicho baridi. Alinifukiza udi, alinikanda kwa maji ya moto mpaka nikaona ngozi itabanduka, alinipikia uji wa pilipili manga na supu ya pweza. Mtoto alizaliwa pale pale mjini, zahanati, msichana, bila matata. Nilipoonyeshwa nilisema alhamdulillahi kwa kuwa ndilo neno linalosemwa. Nilimtazama usoni, nikatafuta kitu ndani yangu, sikukipata.

Nimejaribu kuwaeleza watu hali ile na wengi hunijibu kwa kunionea huruma, jambo ambalo silitaki. Umewahi kuulalia mkono wako, ukaamka ukaugusa kwa mkono wa pili, ukaona ni wa mtu mwingine? Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Nilijua mtoto ni wangu kama ninavyojua mji mkuu wa nchi ni upi. Ukiniuliza nakujibu, basi.

Tuliporudi nyumbani nilifungua dera nimnyonyeshe. Mavyaa akaweka kiganja chake kati ya mdomo wa mtoto na kifua changu.

“Ngoja kwanda, mwanangu,” akasema. “Wewe una msiba, na hukulia. Yale matozi yameshukia kwenye maziwa. Yakamuliwe kwanda, yamwagwe, ndipo mwana aamwe.”

Kuamwa ndiko kunyonya kwa lugha ya kwetu. Maziwa ya msiba, alinieleza, humtia mtoto homa na kumfanya mnyonge wa moyo maisha yake yote. Yeye aliambiwa hivyo na mamake, na mamake na wa kwake. Mimi nafundisha chekechea. Kliniki nilisikia kwa masikio yangu kwamba yale ya kwanza, mazito ya manjano, ndiyo kinga ya mtoto na hayatupwi hata tone. Siku nyingine ningebisha; watu wa Amu tunajua kubisha, na mimi katika ukoo wetu sikupitwa. Lakini maneno ya mavyaa yalinivutia. Kwa hiyo huzuni ipo, nikawaza, imejificha hapa kifuani, nikiikamua itatoka niione. Nikashika bakuli.

Nikawa nakamua, na bakuli likamwagwa uani kwenye shina la mpapai. Mtoto alipewa kwa kijiko maziwa ya ng’ombe yaliyotiwa maji. Kila mara mavyaa alichungulia rangi ndani ya bakuli akatikisa kichwa, bado. Mimi pia nilichungulia. Sikuona huzuni yoyote mle, niliona maziwa. Hatimaye yakawa meupe kama alivyotaka, na hapo hapo yakaanza kupungua. Siku aliposema sasa mwana aamwe, mtoto alivuta kidogo, akaachia, akageuza uso akalia. Hapakuwa na kitu. Nilimsikia akilia kama mtu anavyosikia mtoto wa jirani.

Akakonda. Ngozi ya mapaja ikajikunja kama shati la kuazima. Halafu kilio kikapungua, akawa analala sana, na mavyaa akamsifu kwa utulivu. Aliyeshtuka ni wifi yangu, bintiye mavyaa, aliyekaa nyumba ya pili kutoka yetu na ambaye mwenyewe alikuwa ananyonyesha mvulana wake wa nne. Alikuja kutusalimu, akampakata wangu, akasimama naye akimpimapima mikononi.

“Mama, mwana huyu ni mwepesi,” akasema. “Hulala kwa ndaa huyu, si kwa utulivu.”

Mavyaa aliposikia njaa ikitajwa akaanza kujibu, lakini wifi alikwisha kutoka kwenda kumwita muuguzi.

Muuguzi alikuwa msichana wa bara, mpole, aliyezoea kwetu kiasi cha kuvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alimtia mtoto kwenye mizani yake ya kuning’iniza, akasoma, akamtoa, akamtia tena. Kisha akaketi chini mbele yangu, akanitazama mimi badala ya mtoto, na nikaona kwamba amenitambua hali yangu. Sikupenda.

“Amepungua kuliko alivyozaliwa,” akasema. “Dada, mweke kifuani mchana kutwa bila nguo katikati yenu. Mpe titi kila mara, hata ukiona ni kavu. Maziwa yanakuja kwa kunyonywa, hayaji kwa kingine. Shida ni kwamba sasa hana nguvu ya kuvuta, na haya ya ng’ombe hayamfai. Nitarudi kesho alasiri. Kama bado ni mlegevu hivi, tunampeleka hospitali Amu, na sitaki kuwaficha, watoto wengine hawafiki wakiwa na nguvu ya kutibiwa.” Akamgeukia wifi, akamuuliza juu ya afya yake na vipimo vyake vya kliniki, akaridhika na majibu. “Wewe si unanyonyesha? Msaidie huyu apate nguvu.”

Alidhani amesema jambo jepesi. Akaaga, akavaa viatu vyake mlangoni, akaenda zake.

Kwetu, mwanamke akimnyonyesha mtoto wa mwenziwe mara tano, kila mara mpaka ashibe, amekuwa mamake. Watoto wake wote huwa ndugu wa mtoto yule, na ndugu hawaoani. Hilo kila mtu analijua, hata mimi niliyekuwa sijui kama nimekula. Wifi alikuwa na wavulana watupu, na mavyaa alikwisha kumposa mwanangu kwa mmoja wao siku ile aliyozaliwa, akicheka, lakini si mzaha. Nyumba ile ya mawe na shamba la minazi nyuma ya mji alivirithi kwa babake. Vingegawanyika kwa mume wangu na wifi, na ndoa ya wajukuu ndiyo ingevirudisha pamoja. Mavyaa alilizungumza jambo hilo kama watu wengine wanavyozungumza juu ya hija.

“Mara nne,” akasema. “Nne hazina neno. Ya tano, la.”

“Na akiwa na ndaa baada ya hizo nne?” wifi akauliza.

“Mamake atakuwa ashapata maziwa.”

Wote wawili wakanitazama. Nikasema sawa.

Wifi aliketi kitandani kwangu akamnyonyesha. Mtoto alisahau kuvuta, ikabidi wifi amkamulie matone mdomoni mpaka akumbuke. Kisha nikasikia akimeza. Ilikuwa sauti ndogo, kama ya mtu anayekunywa chai kwa siri. Aliposhiba wifi alinipa, akanivua dera mabegani, akanilaza na mtoto kifuani, akanionyesha namna ya kumpanua mdomo ashike titi lote na si chuchu tu. Alifanya hivyo kila mara, akitania kwamba wavulana wake wanne wamemfanya fundi kuliko fundi seremala wa Amu. Nilimsikiliza. Mtoto alivuta kavu, akachoka, akalala juu yangu. Joto lake nililihisi kwenye ngozi na halikuingia zaidi ya hapo.

Mavyaa alikaa mlangoni. Kati ya zamu alimpa mtoto kijiko cha maziwa ya ng’ombe, na mtoto akayatapika. Hakuhesabu kwa sauti. Lakini asubuhi iliyofuata, wifi alipomaliza ya nne, mavyaa alimwambia tu, “Enda kwako, wanao wakungoja,” na wifi akajifunga leso akaenda.

Njaa ikarudi kabla ya adhuhuri. Nilimweka kifuani. Alivuta, akavuta, akakasirika, jambo lililonionyesha kwamba zile shibe nne zilikuwa zimemtia nguvu kidogo. Alilia kwa sauti kamili. Nilimhamishia upande wa pili. Uani mavyaa alikuwa anakuna nazi, na kupitia mlango nilisikia mbuzi ikikwaruza, ikinyamaza, ikikwaruza tena. Kilio kikawa chembamba. Mbuzi ikanyamaza. Nilimwambia Mungu, kwa maneno mawili matatu yasiyo na moyo ndani yake, kwamba sijui la kufanya.

Nilisikia mlango wa nje. Mavyaa alitoka na leso moja tu begani, yeye ambaye hajawahi kukanyaga njia bila buibui, akarudi amemshika bintiye mkono. Vidole vyake vilikuwa bado vina nazi aliyokuwa akiikuna.

“Mpe,” akasema.

Wifi hakukaa. “Mama, hii ni ya tano.”

“Nayua ni ya ngapi. Mpe mwana aamwe.”

Wifi akaketi, akampokea, na mtoto akalishika titi kwa pupa. Kumeza kukaanza tena. Nilikuwa nimekaa mbele yao, mikono mitupu, nikitazama mashavu yake yakiingia na kutoka, na ndipo nikahisi michomo kifuani, pande zote mbili, ile michomo midogomidogo inayokuja ganzi inapouachia mkono. Inauma. Kisha nikahisi maji. Nilidhani mtoto amenikojolea, na mtoto hakuwa kwangu. Nilipotazama chini, dera lilikuwa limelowa mabaka mawili yanayopanuka.

Wifi aliyaona pale pale. Akaweka ncha ya kidole pembeni ya mdomo wa mtoto, tayari kumwachisha.

“Mama, tazama. Mamake amepata,” akasema. “Nimtoe? Hajashiba. Nikimtoa sasa haihisabiwi.”

Mavyaa alilitazama dera langu. Akamtazama mtoto, aliyekuwa amefumba macho akinywa. Alikuwa na nafasi ya kulipata kila alilolitaka, mjukuu mzima na nyumba nzima, kwa kusema neno moja tu, na hapana mtu chini ya paa lile ambaye angemlaumu. Akajifuta vidole kwa ncha ya leso.

“Mwate ashibe,” akasema, na wifi akaondoa kidole akamwacha anywe.

Sasa mwanangu yuko darasa la tatu na ana kaka wanne asiojifunika nywele mbele yao, wanaomtuma dukani na kumwekea dagaa la mwisho. Nyumba itagawanywa, inshallah, kama nyumba nyingine zinavyogawanywa. Mavyaa hajawahi kulitaja tena shamba mbele yangu. Wala hajawahi kusema kwamba alikosea kuhusu bakuli. Lakini wifi alipozaa wa tano, mtoto alitiwa kifuani kabla hajafutwa vizuri, na aliyemtia ni mavyaa.

Alasiri ya ile shibe ya tano muuguzi alikuja kama alivyoahidi, akamkuta mtoto akivuta kwangu, akasema boti haina haja. Sitaki mtu adhani kwamba mambo yote yalikaa sawa siku ile. Ganzi iliniandama karibu mwaka mzima. Ilikuwa inaondoka na kurudi, na muuguzi ndiye aliyenitafutia mtu wa kuzungumza naye. Lakini nataka kumalizia pale kitandani, kwa sababu ndipo ninaporudi kila nikimkumbuka mamangu.

Wakati wifi anamalizia kumshibisha, mimi niliona wivu. Ulikuwa wivu mbaya, wa kutaka kumpokonya mwanangu kutoka kwa mwanamke aliyekuwa anamwokoa. Niliushangaa. Ilikuwa hisia yangu ya kwanza tangu mkeka wa msibani, na haikuwa nzuri, lakini ilikuwa yangu.

“Nipe mwanangu,” nikasema. Sikuwa nimetaka kitu chochote kwa muda mrefu hata sauti ilitoka kwa ukali.

Wifi akanipa. Mtoto alikuwa ameshiba tele, mdomo umelegea, hataki tena. Maziwa yalikuwa yanatiririka bure tumboni kwangu na juu ya nywele zake, na mavyaa kwa mazoea akanyanyua bakuli lililokuwa dirishani. Nilitikisa kichwa. Akalirudisha. Hapo ndipo nililia. Nilimlilia mamangu kwa sauti, na kamasi, kama mtoto wa chekechea, huku maziwa yakiendelea kutoka, na mavyaa, ambaye anajua machozi hushukia wapi, hakumwondoa mtoto kifuani pangu. Alipanda kitandani nyuma yangu, akaniegemeza kifuani pake, akanifuta uso kwa ncha ya leso yake yenye harufu ya nazi, na tukakaa hivyo, yeye na mimi, tukingoja mtoto aamke na njaa.