Pikipiki ya Kwenda Maramba

Jumatano, katikati ya mwezi wa tano. Alfajiri kulinyesha rasharasha za kumalizia masika, kisha jua likatoka kwa nguvu, na uwani kukawa na mvuke kama wa chungu kilichofunuliwa.

Naandika leo kwa sababu kesho huenda nikaanza kujidanganya. Mimi ni fundi baiskeli, nimesoma hadi darasa la saba, na mambo ya injini nayajua kwa kutazama wenzangu. Nisipoeleza kitu sawasawa, kosa ni langu.

Pikipiki ni ya mke wangu. Sina hakika kama bado niandike hivyo. Nilimpa talaka moja kabla ya masika, yeye mwenyewe ndiye aliyeiomba, na tangu hapo amekuwa akikaa eda humu humu nyumbani, chumbani kwa mama yangu, kama dini inavyotaka. Eda ikiwa haijaisha, mume anaweza kumrejea mkewe kwa neno tu. Ikiisha, neno halina kazi tena. Itabidi posa mpya na mahari mapya, na mwanamke mwenyewe aridhie.

Hatukuachana kwa ugomvi. Baba yake alifariki akaacha shamba la michungwa kule Maramba, na hakuna mwingine wa kulitazama. Alitaka twende wote. Mama hataki kuhama Tanga, kaburi la baba liko hapa, nami sikuweza kumwacha mama peke yake. Kila mmoja ana haki yake. Nimeupima mzigo huu mara nyingi, na kila nikiupima mizani inalala sawa. Hilo ndilo linaloniuma. Ningepata wa kumlaumu, ningelala usingizi.

Basi akaagiza pikipiki ya Kichina, ya bei ya chini kuliko zote, ya kubebea machungwa hadi mpakani Horohoro. Kuendesha alifundishwa na baba yake. Juzi ikaletwa imefungwa kwenye vyuma na maboksi, gurudumu la mbele limetolewa, usukani umelazwa juu ya tangi.

"Wewe ndiye fundi wa nyumba hii," akaniambia. "Niungie."

"Nikuungie uondoke?"

"Ndiyo." Hakucheka wala hakununa. "Ukiona vigumu, nitaita mwingine."

"Mwingine atakaza bolti mpaka zikatike. Bolti za hizi ni laini."

Hapo sikusema uongo. Lakini pia sikutaka mkono wa mtu mwingine uiguse.

Tuliiunga jana. Yeye alishika gurudumu, mimi nikapitisha ekseli. Nilikuwa nikinyoosha mkono, spana imeshafika, wala sijasema ni namba ngapi. Kitabu cha maelekezo kimeandikwa Kichina na Kiingereza, tukafuata picha. Oili iliyokuja nayo tuliimwaga, tukatia mpya. Betri alikuwa ameichaji jirani yetu wa bodaboda, na saa nne akatuletea. Akasimama mlangoni, akamwamkia mama shikamoo, kisha akaanza.

"Kaka, hii pikipiki au blenda ya juisi?"

"Iache," nikamwambia.

"Shemeji, ikikufikisha Maramba nipigie simu. Ikikulaza Amboni nipigie vilevile, nije na kamba."

"Ya kwako ina jina kubwa," mke wangu akamjibu, "na kila asubuhi naiona ikisukumwa kama mkokoteni."

Mama alicheka mpaka akajishika mbavu. Mimi pia nilicheka. Kwa muda ule hapakuwa na mtu uwani aliyekuwa anaondoka.

Ikapigwa kiki. Haikuwaka. Tukavuta choki, tukapiga tena na tena. Kimya.

"Tuitoe barabarani tuisukume, itajishika kwenye gia," akasema jirani.

Nikakataa. Injini mpya hailazimishwi kabla ya kujua inachokataa. Akaniambia huo ni uoga wa watu wa baiskeli, na yawezekana ni kweli. Nikafungua mpira wa petroli, petroli ikatiririka vizuri. Nikachomoa plagi, nikailaza juu ya chuma cha injini, mke wangu akapiga kiki. Hakuna cheche. Jirani akaleta plagi yake nzima. Hakuna cheche. Abiria wake akampigia simu, naye akaondoka huku akisema tuirudishe dukani.

Mke wangu akaingia ndani kuswali adhuhuri. Nikabaki peke yangu.

Nikafuata waya chini ya tangi mpaka kwenye koili, ile inayotuma moto kwenye plagi. Imefungwa kwa bolti kwenye fremu. Nikailegeza ile bolti, nikaona chini yake rangi nyeusi, nene, haijakwanguliwa hata kidogo. Pale pale nikajua. Dainamo ya baiskeli ni hivyo hivyo. Ukiifunga juu ya rangi, taa haiwaki hata ukanyage pedeli mpaka Pangani. Umeme unataka chuma kitupu ndipo upate njia ya kurudi.

Msasa ulikuwa mfukoni mwangu. Sikuutoa. Nilikaa juu ya ndoo nikiitazama ile rangi. Jirani alishashindwa, na dukani wangekaa nayo wiki. Na neno la kumrejea bado nilikuwa nalo mdomoni.

Akatoka, kanga ya kuswalia bado iko kichwani.

"Umeona kitu," akasema.

"Nimeona."

"Nini?"

Nikamwonyesha. Aliitazama rangi, kisha akanitazama mimi, na nadhani alielewa nilikuwa nimekaa pale muda gani.

"Eda yangu iko ukingoni," akasema. "Labda leo, labda kesho. Nakwambia ili usije ukasema nilikuficha."

"Na nikisema neno sasa hivi?"

"Ukisema, nimerudi. Dini imekupa. Nitakupikia, nitamfulia mama, wala sitakununia." Akaivuta kanga mabegani. "Ila usiwaambie watu kwamba nilibaki kwa kutaka mwenyewe."

Nilitaka aongeze kitu, hata tusi. Akashika usukani. Nikatoa msasa, nikakwangua mpaka chuma kikang'aa, nikaikaza koili kwa taratibu. Nikamwambia apige kiki. Mara ya kwanza ilikohoa. Mara ya pili ikawaka.

Mama akatoka jikoni. "Imewaka?" akauliza, na sauti ya injini imejaa uwanja mzima. Nikainama kurekebisha mngurumo, nikachelewa kuinuka.

Leo asubuhi mama alikuja mlangoni kwangu. "Mwanangu," akasema, "ameshaoga." Ni josho la kumaliza hedhi ya tatu. Eda ilikuwa imekwisha.

Mwenyewe akatoka, akafunga begi lake nyuma ya pikipiki. Nikamweleza yangu: asikimbize mwanzoni, asipakie magunia ya machungwa mapema, na akishaizoea amwage oili hii tuliyotia. "Itatoka na unga wa chuma. Usishtuke, ni vyuma vinazoeana."

"Na jingine?" akauliza.

Nikasema hakuna. Akambusu mama mkono, mama akamwita mwanangu, akapanda. Hakugeuka nyuma. Kusema haki, njia yetu ina mashimo, na aliye juu ya pikipiki mpya hapaswi kugeuka.

Mchana mama alikaa karibu nami nikimenya muhogo. "Ungesema tu," akaniambia.

"Angebaki kwa nguvu, mama."

Akakusanya maganda, akasema, "Baba yako aliniacha, akanirejea bila kuniuliza. Baada ya hapo ndiyo nikakuzaa wewe."

Hakusema kama alimshukuru au alimlaumu. Tangu wakati ule najiuliza kama nilichofanya ni haki, au ni woga tu nimeupa jina zuri. Nikiandika kwamba ni haki, huenda najipendelea. Nikiandika ni woga, simtendei haki yeye, maana alilotaka alilisema waziwazi na mimi nililisikia.

Saa kumi alimpigia mama simu, si mimi. Amefika, pikipiki haikusumbua popote.

Jioni tulikula bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa. Mama alisema chumvi imepungua. Mimi niliona imetosha, lakini sikula matonge mengi, kwa hiyo huenda yeye ndiye sahihi.